Koleo la Chuma Kwenye Siki

Kwa miaka arobaini Sonara alisafisha kazi zake kwa maji ya betri. Pete ikishalehemiwa hutoka motoni nyeusi kama sufuria ya kuni. Ukiitumbukiza kwenye tindikali, inarudi nyeupe. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alikufa akikohoa. Sasa yeye naye alikohoa, na binti yake, aliyefanya kazi naye, aliyamwaga yale maji akaleta siki na chumvi.

"Siki ni ya jikoni," Sonara alilalamika.

"Na mapafu je, ni ya wapi?"

Leo mshonaji wa jirani angekuja kuchukua pete ya fedha ya marehemu mama yake. Ilikuwa imekatika, na hakuwa na kumbukumbu nyingine. Sonara aliiunga hata kiungo hakikuonekana, akaitia kwenye bakuli la siki ya moto, iliyokwisha kugeuka kijani kwa shaba ya kazi za wiki nzima. Akangoja. Siki ilijikokota kama mgonjwa anayepelekwa kuchomwa sindano. Akaingiza koleo, akaigeuza pete mara mbili tatu.

Pete ilitoka nyekundu.

"Njoo uone siki yako," alimwita binti. "Mtu kaniachia fedha, namrudishia shaba."

Binti hakuitazama pete. Alitazama mkono. "Baba, hilo koleo ni la nini?"

"La chuma. Kwani?"

Koleo la shaba lilikuwa msumarini, mahali pake pa siku zote. Sonara akaliangalia lile la chuma mkononi. Chuma kikigusa maji yaliyokwisha kula shaba, shaba huhamia kwenye fedha. Alilijua hilo kabla binti hajazaliwa. Wanafunzi wawili aliwafukuza kwa kosa hilohilo. Kwenye tindikali asingethubutu. Lakini siki, nani anaiogopa siki?

"Tindikali ilikuwa na adabu," alisema. "Ukiichezea, inakuunguza. Hii inakuchekea tu."

"Imekuchekea, na imekuumbua."

Mshonaji alifika, akakalishwa. "Bado kidogo, mama," Sonara alimwambia, asiinue macho. Aliisugua pete kwa kitambaa na unga wa jiwe mpaka vidole vikafa ganzi, wekundu ukatoka kidogo kidogo. Mshonaji aliivaa, akaitazama kwa muda mrefu, akaondoka bila kujua lolote.

Sonara alichukua uzi, akalifunga koleo la shaba kwenye mkono wa bakuli la siki.

"Umelifunga kama mbuzi," binti alisema.

"Mbuzi ni mimi," alijibu, akakohoa.