Chunusi Pembeni ya Pua

Wiki ambayo wageni wa posa walikuwa wanakuja kwetu Kasokola, niliota chunusi pembeni ya pua. Haikuwa ya kwanza. Zilikuwa zinanitokea mara moja moja, hasa nikikaribia siku zangu, kisha zinaondoka zenyewe. Hii ilikaa mahali pabaya, nyekundu, ina kichwa cheupe.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Mwamkulu kusimamia mapokezi. Aliponiona narudi na ndoo ya maji alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Watakuja kuangalia uso. Kaa hapo."

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Wifi, iache. Itaisha yenyewe."

"Itaisha lini, na watu wanakuja Jumamosi?"

Nikakaa kwenye kigoda. Alinibana kichwa kwa magoti yake, akakamua kwa kucha za vidole gumba mpaka machozi yakanitoka. Ulitoka usaha kidogo, kisha damu. Akapaka dawa ya meno juu yake, akasema kesho haitaonekana.

Asubuhi jicho la kulia halikufunguka. Shavu lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa, na nilikuwa natetemeka kwa homa. Mama alinigusa paji la uso, akaondoa mkono haraka, akamwita baba.

Shangazi aliniangalia akarudi nyuma. "Hii siyo ya kawaida. Kuna mtu hataki huyu mtoto aolewe. Tumpeleke kwa mganga kwanza."

"Anaenda hospitali," mama alisema. Sikuwahi kumsikia akimpinga wifi yake. "Na wewe wifi unakuja, ukaeleze kilichofanyika jana."

Baba alitoa baiskeli, akanikalisha kwenye keria na kunifunga kwa kanga ya mama nisidondoke. Ilikuwa masika na barabara ya kwenda Mpanda mjini ilikuwa tope. Kila tairi lilipoingia shimoni, maumivu yalipanda hadi ndani ya kichwa. Baba alikuwa anauliza, "Unanisikia?" Nikichelewa kujibu, alisimama, akageuka kunitazama, ndipo akaendelea kusukuma.

Daktari alinifungua jicho kwa vidole, akaniambia niangalie juu, chini, pembeni. Akauliza kama nimetapika, kama shingo imekaza. Kisha akawageukia mama na shangazi, waliofika kwa miguu wakihema, sketi zimelowa matope.

"Nani aliikamua?"

"Mimi," shangazi akasema.

"Mama, damu ya hapa kwenye pua na mdomo wa juu ina njia ya kwenda kichwani. Uchafu ukipita huko, tunaweza kumpoteza."

Shangazi alikaa chini sakafuni, pale pale aliposimama.

Walinilaza na kunichoma sindano. Kesho yake jicho la pili nalo likaanza kuvimba, na nesi akawa anapita kila mara kuniuliza jina langu, kuona kama akili bado iko sawa. Nilikuwa nalitaja huku nikiogopa kwamba safari inayofuata litanipotea. Mama alikaa kitandani miguuni pangu bila kula. Homa ilianza kushuka Ijumaa jioni.

Jumamosi, badala ya kwenda nyumbani kwetu, mama wa mchumba wangu, aliyekuwa amepata habari, alikuja wodini. Mama akavuta kanga anifunike uso. Yule mgeni akaishusha taratibu, akanitazama kwa muda mrefu.

"Anaona?" akamuuliza nesi.

"Anaona."

"Basi. Posa inaweza kusubiri mahindi yakauke." Akafungua chupa ya uji.

Shangazi hakuniomba msamaha, ila alibaki hapo hospitalini, akinishikia kikombe kila nilipotaka kunywa. Siku ya kuruhusiwa, nesi alimwelekeza yeye zaidi kuliko mimi: chunusi ikitoka, uso uoshwe asubuhi na jioni kwa maji na sabuni isiyo kali, bila kusugua. Ikiuma, ikandwe kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu. Isikamuliwe, isipakwe dawa ya meno. Ikizidi kuvimba au homa ikija, hospitali siku hiyo hiyo. Shangazi alirudia kila neno kwa sauti ndogo.

Wageni walikuja baada ya mavuno, nikaolewa nikiwa na kishimo kidogo pembeni ya pua. Chunusi ziliendelea kunitokea kwa miaka kadhaa. Nilikuwa naosha uso, nakanda, naziacha.