Sakafu ya Mama Buni

Kwa miaka thelathini na nane Tak Jongpil alikuwa akiwapigia watu sakafu katika bonde la Jeongseon, na kwa miaka yote hiyo aliwaambia neno moja: usiwashe boila mpaka sakafu ikauke yenyewe. Mabomba ya maji ya moto yanayopasha sakafu joto yakishalazwa na kufunikwa kwa saruji na mchanga, subira ndiyo fundi. Waliombembeleza aliwafukuza. Bwana harusi mmoja alimfuata na kikapu cha matunda. Jongpil alikirudisha kikapu, na mwenyewe akamrudisha mlangoni.

Vuli hiyo sakafu ilikuwa ya mama yake.

Mama Buni alikuwa na miaka tisini na mmoja. Nyumba ya zamani ilibomolewa mwezi wa tatu, baada ya njia za moshi wa jiko zilizopasha sakafu joto kuporomoka, naye akapelekwa kwenye nyumba ya wazee mjini kusubiri mpya. Huko walimlaza kitandani. Maisha yake yote alikuwa amelala chini, kichwa upande wa jiko, ambako sakafu huwa ya moto zaidi.

"Kitanda ni cha wagonjwa na Wazungu," alimwambia mwanawe kila Jumapili. "Mgongo wangu umeanza kuisahau sakafu, Jongpil. Ukisahau kabisa, msinirudishe tena."

Mvua za Septemba zilichelewesha paa, paa likachelewesha mabomba, na sakafu ikapigwa tarehe tano Oktoba. Dada yake, Miran, alikuwa tayari amekwenda kwa msoma nyota na mwaka wa kuzaliwa wa mama yao, akarudi na siku moja tu ya kuhamia isiyo na nuksi katika vuli nzima: tarehe ishirini na nne.

"Siku kumi na tisa!" Jongpil alisema. "Kwa unene ule nataka arobaini."

"Kaka, nuksi haingoji saruji."

"Na saruji haimjui msoma nyota wako."

"Sawa, fundi mkuu. Mama akifia kitandani kwa watu, sakafu yako utailalia mwenyewe."

Neno hilo lilimwingia. Siku ya tisa tangu sakafu ipigwe, wahudumu wa nyumba ya wazee walipiga simu: mama alikuwa na mafua, hali chakula, anaulizia nyumba yake. Jongpil alikwenda kwenye jengo, akavua viatu mlangoni ingawa ndani hapakuwa na kitu cha kuchafua, akasimama mbele ya swichi ya joto. Alikumbuka alivyolala utotoni, miguu chini ya mfarishi mmoja na Miran, na mkono wa mama ukipapasa sakafu gizani kuhakikisha watoto wako penye joto. Akawasha. Digrii arobaini.

Mtu akivunja kanuni kwa ajili ya tumbo lake huona haya. Akiivunja kwa ajili ya mapenzi husema ni wema, na saruji haitofautishi.

Jioni madirisha yalikuwa yanatiririka maji. Juu palikuwa pamekauka upesi kuliko chini, na ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umetoka kona ya mlango hadi upande wa jiko, pale hasa alipopanga mama yake aweke kichwa. Alizima boila. Alikaa chini, akauweka mkono juu ya ufa kama anayeficha kidonda cha mtoto.

Jumapili alimweleza mama yake yote, hakupunguza kitu. Mafua yalikuwa yamemwachia. Alimsikiliza akitafuna kipande cha tunda la persimoni, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Umewafukuza watu miaka thelathini na nane, halafu ukafanya yaleyale! Yule bwana harusi anajua?"

"Mama, usinicheke."

"Nisikucheke kwa nini? Ufa utazibika?"

"Utazibika, ikishakauka. Lakini tarehe ishirini na nne hutaweza kulala pale."

Mama Buni aliacha kutafuna.

"Basi kitangulie chungu changu cha wali, kama desturi," alisema. "Nuksi zikikikuta ndani zitajua nimeshahamia."

Ndivyo walivyofanya. Tarehe ishirini na nne Miran alibeba chungu hicho kikiwa na mchele ndani, Jongpil akambeba mama mgongoni mpaka kizingitini, akachuchumaa. Mama alinyoosha mkono, akagusa sakafu kwa kiganja.

"Baridi," alisema.

"Bado, Mama."

Aliwapa mto wake wa maganda ya ngano nyeusi, wakauweka upande wa jiko juu ya vibao viwili ili sakafu ipumue. Kisha wakamrudisha kwenye kitanda cha nyumba ya wazee.

Kila alfajiri Jongpil aliinua kipande cha nailoni alichokibandika sakafuni usiku na kutazama chini yake. Kila alfajiri simu iliita.

"Sakafu imetoka jasho?"

"Matone, Mama."

"Mengi kuliko jana?"

"Machache."

"Haya. Nimekula uji wote, mwambie Miran."

Asubuhi ya arobaini tangu sakafu ipigwe, theluji ya kwanza ilikuwa imeshika milima, na majirani walikuwa wanatia chumvi kabichi zao za kimchi. Jongpil aliinua nailoni. Ilikuwa kavu. Aliipapasa mara mbili, hakujiamini, kisha safari hii akapiga simu yeye.

"Imekauka, Mama. Leo naziba ufa. Kesho nawasha."

"Nije kesho?"

"Hapana. Naanza na joto dogo. Digrii mbili kwa siku, mpaka ifike."

Ng'ambo ya pili alisikika mtu akisukuma kigari cha chai.

"Digrii mbili," Mama Buni alisema. "Kila ukiziongeza, nipigie. Nitakuwa nazihesabu."