Seva Iliyofukizwa Udi

Kawthar wa Malindi, Unguja mjini, hakuwa mtu wa kuambiwa jambo akalisikia mara ya kwanza. Mtaa mzima unamjua hivyo. Kwa hiyo Mzee Zahran, mwenyekiti wa maktaba ya sauti, alipotamka kwamba seva imekufa na itupwe, Kawthar, mtunza maktaba hiyo, alimkatiza hapo hapo.

"Shikamoo mzee, lakini haitupwi."

"Marahaba. Fundi keshaiwasha mara kumi, kashindwa. Wewe utafanya nini?"

"Mara kumi! Ndiyo maana inazidi kufa. Mgonjwa mahututi hakimbizwi mbio, mzee. Asiiguse mtu tena."

Seva hiyo, kompyuta kubwa inayotumia mfumo wa Linux, ndiyo iliyohifadhi hadithi za wazee wa kusini Unguja, na kanda za asili zilikwishaliwa na ukungu. Msimulizi wao mkubwa, Bi Mwanamkasi wa Makunduchi, aliyerekodiwa ndani ya chumba hicho hicho, alifariki kabla ya Ramadhani. Binti yake, Saadiya, alikuwa amekaa pale kwenye kiti, amekuja kuomba sauti ya mama yake. Hakuwa nayo popote pengine.

Kawthar alifungua kifuniko. Feni ilikuwa imeganda kwa masizi, yananukia udi. Kila Ijumaa, kwa miaka minne, ni yeye aliyeweka chetezo cha kufukizia udi chini ya rafu ya seva ili chumba kinukie. Hakuna aliyewahi kumkataza, alijiambia. Angeweza kuyafuta masizi na kunyamaza.

"Bi Saadiya, kosa langu," alisema kwa sauti. "Moshi wangu umeziba feni, joto likaila diski. Lakini niliyeharibu ndimi ntakayetengeneza."

"Ukishindwa, utaacha funguo za maktaba," alisema Mzee Zahran.

Kawthar akazibwaga mezani. "Nnaziacha sasa hivi. Ntazichukua mwenyewe."

Aliiwasha seva kwa mfumo wa Linux uliokuwa kwenye flashi, asiandike chochote juu ya diski mbovu, akaanza kuinakili kwenye diski mpya. Palipogoma alipavuka, akachota kwanza palipo pazima, ndipo akarudia pabovu. Diski ikipata moto, aliizima hadi ipoe. Kawthar huyu, asiyeweza kusubiri hata chai ipoe, alisubiri siku tatu.

Alasiri ya siku ya tatu diski mbovu ikagonga mara mbili, ikanyamaza moja kwa moja. Lakini karibu hadithi zote zilikuwa zimeshavuka kwenye diski mpya. Mbele ya Saadiya na mzee, akatafuta jina la Bi Mwanamkasi, akabonyeza.

Kikatoka kikohozi, kisha sauti kali:

"We Kawthar! Si nshakwambia uondoe chetezo chako? Moshi huu utatuua sote humu!"

"Ndiye!" Saadiya alipiga kelele, akicheka huku analia. "Ndiye mama yangu!"

Mzee Zahran alimsogezea Kawthar funguo. Kawthar alizichukua, akainama chini ya rafu, akakibeba chetezo.

"Nshasikia, Bi," aliiambia mashine, akakitoa nje.