Wimbo wa Majina Uani kwa Severa

Severa alitoka Rombo kuolewa na Onesphory, muuza vyombo wa Kariakoo, na kwa miaka mingi watu walimjua kwa sufuria tu. Kisha mwanawe Tarsis akachelewa kusema. Severa alimgongea makopo siku nzima, mtoto akaanza kuitika kwa sauti kabla ya maneno. Majirani wakaleta watoto wao. Mwaka 1983, nilipopanga chumba chake cha mbele, kila Jumanne saa nne asubuhi uani palijaa akina mama na watoto wadogo.

Nimesikia watoto wakiimbiwa kwa lugha sita, lakini hapa tu ndipo nilipomwona bibi wa Kihindi, Jasvanti, akipiga matuazi ya hekaluni huku muuza vitumbua akitikisa kopo la kokoto, maana mwaka ule mchele haukuwa wa kuchezea.

Walianza na majina. Severa aligonga ngoma ndogo akiimba: fulani yuko wapi? Watoto wakamwonyesha kidole: "Yule pale!" Na mama yake yuko wapi? Vidole tena. Seifu, wa miaka mitatu, mtoto wa Sabaha yule wa vitumbua, hakuwa amesema neno maishani. Mwezi Septemba alinyoosha kidole kwa mara ya kwanza. Sabaha alilia.

Mwezi uliofuata malori ya serikali yakaanza kupita. Aliyekutwa mjini saa za kazi bila kitambulisho cha kazi alipelekwa kijijini kulima, na vitumbua havina kitambulisho, wala Sabaha hakuwa na mume mwenye nacho.

"Mama Tarsis, ngoma yako inasikika mpaka Msimbazi," alisema Mzee Uwesu, balozi wa chama wa nyumba zetu kumi.

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Wanawake kumi wamekaa saa nne asubuhi, na wewe unawapigia mbiu!"

"Kwani kulea si kazi? Wewe ulilelewa na nani, na chama?"

Alicheka, lakini kiti alichopewa hakukikalia.

Severa akamwomba Sabaha asije kwa muda.

"Dada, huyu asubuhi ananivuta kanga mpaka tutoke," Sabaha alijibu. "Nimwambieje?"

Wakakubaliana kwamba wageni wakija, ataingia jikoni nyuma ya magunia ya mkaa.

Jumanne ya pili wakaja mgambo wawili. Severa alionyesha leseni ya mumewe, wengine vitambulisho vya waume zao. "Na mimi nikalime?" Jasvanti aliuliza. "Jembe utanibebea wewe?" Mgambo kijana akacheka. Akachuchumaa, akaichukua ngoma.

"Mbona mmenyamaza? Tuimbe."

Alikuwa amesimama ukumbini muda mrefu kuliko tulivyodhani, maana wimbo aliujua, na majina pia. Alikuwa na sauti nzuri. Aliita jina la kwanza, la pili. Kila mtoto alikuwa na mama yake kando. La tatu likawa Seifu.

"Yule pale!"

"Na mama yake yuko wapi?"

Severa alianza wimbo mwingine kwa nguvu. Haukusaidia. Vidole vyote viligeukia jikoni, na cha kwanza kilikuwa cha Seifu mwenyewe, akitabasamu.

Sabaha alitoka na vumbi la mkaa kwenye kanga.

"Huyu ni mfanyakazi wangu," Severa alisema.

"Barua yake?"

Hakukuwa na barua. "Baki naye, dada," Sabaha alisema, na hakumtazama mtoto.

Onesphory aliandika barua mchana huohuo, akaipiga muhuri wa duka. Severa akaipeleka kituo cha polisi, Seifu mgongoni. Karani hakuifungua.

"Lori limeondoka saa sita. Limeenda kusini. Njoo Jumatatu, orodha itakuwa imerudi." Akainua kalamu. "Na huyo mgongoni? Mama yake ni nani?"

"Ni mimi," alisema Severa, akatoka kabla hajaulizwa cheti.

Jumatatu alirudi. Alisoma orodha mara tatu, karani akimhimiza. Hakukuwa na Sabaha yeyote.