Beti za Mwenye Shamba

Mwaka jana darasa letu la watu wazima hapa Gando lilisoma utenzi. Ni habari za mchumaji karafuu mweusi aliyesingiziwa wizi wa gunia. Hakimu akamtazama sura, akamtazama na mwenye shamba mweupe, akamfunga bila ya kuuliza shahidi. Tulilia wanawake darasa zima. Mimi nililia zaidi, ingawa nadhani nusu yake ilikuwa mafua.

Mwalimu akasema siku ya kufunga darasa tutausoma mbele ya wageni, kila mtu na sehemu yake. Mchumaji alitakiwa na wote. Mwenye shamba hakutakiwa na mtu. Mmoja sauti imemkauka, mwingine ana presha, mwingine mumewe hatomruhusu kutamka kiburi hadharani.

"Jamani, tunahangaika nini?" akasema mshona makuti aliyekaa nyuma yangu. "Mwarabu si tunaye?"

Tukamgeukia jirani yangu. Kweli, babu zake walitoka Omani wakawa na mashamba. Yeye hana hata mkarafuu mmoja. Analima muhogo kwenye ardhi ya kuazima, na darasani alikuja kwa sababu kituo cha afya kilitaka mhudumu anayejua kusoma. Mkuu wa kituo alimwambia: maliza darasa, nikusikie unasoma, kazi yako.

"Shoga, sura unayo," wakamwambia. "Huna haja hata ya kuigiza."

Mwalimu akaitisha kura. Mikono ikapanda. Wangu niliupandisha mpaka begani tu, nikitumai Mungu atauandika nusu.

"Babu yangu mie simjui hata kaburi lake," akasema jirani yangu. "Mie mnanijua. Wee hapo, nani alikupikia uji ulipojifungua?" Akakusanya madaftari yake, akatoka.

Mwalimu akatuambia tuendelee na ubeti wa hakimu. Tukausoma kwa sauti moja, vile anavyotazama sura asiulize shahidi. Mwalimu akatusifu matamshi.

Niwe mkweli kwa pande zote: shangazi yake aliwahi kumkataa kaka yangu alipomposa, kwa weusi wake, na alilisema waziwazi. Nilipopandisha mkono nilikuwa namkumbuka shangazi. Lakini jirani yangu wakati wa posa ile alikuwa mtoto anatambaa.

Siku ya tatu nikamfuata kwake, nikamkuta anamenya muhogo.

"Rudi, mwenzangu. Mwenye shamba nitasoma mie."

"Wee? Hata kuku huwezi kumfukuza."

"Nitajifunza."

Akamenya muhogo mzima kabla ya kunijibu. "Basi mie nisome mchumaji."

Darasani wakaangua kicheko. "Mchumaji gani mweupe kama mchele!" Nikasema asiposoma yeye mchumaji, na mimi mwenye shamba simsomi, watafute mwingine. Kila mtu akaikumbuka presha yake.

Siku yenyewe nilisifiwa. Walisema kiburi nimekipatia kama nimezaliwa nacho, na mpaka leo sijui nifurahi au vipi. Yeye, nisimpendelee, alisoma vibaya. Hakuna mgeni aliyelia. Lakini kila alipokwama alirudi nyuma, akalitamka neno silabi kwa silabi, mpaka ubeti wa mwisho, asisaidiwe na mtu. Mkuu wa kituo, kwenye viti vya mbele, alikuwa anafuata kwa kidole kwenye karatasi yake. Jirani yangu alipomaliza, mkuu akamwuliza jambo moja tu: Jumatatu ataweza kufika saa moja asubuhi?