Theluji ya Juni Juu ya Montrose

Orval Tibbets, fundi bomba mstaafu, alidhani theluji iliyoziba njia ya mlimani, juu ya mji wa Montrose, ilikuwa nyembamba. Pikapu yake, iliyobeba kibanda cha kulala mgongoni, ikazama mpaka kwenye ekseli, ikainamia bondeni.

"Nilikwambia tugeuze," alisema mkewe, Darlene. "Masikio umeyaacha nyumbani?"

"Nilikusikia, mama."

Orval alichimba kwa beleshi, Darlene kwa kikaango. Kila Orval alipoingia garini na kukanyaga mafuta, gari liliinama zaidi. Simu hazikushika mtandao.

"Orval, toka humo. Nakuomba."

Akatoka. Wakasimama wameshikana mikono, wakilitazama gari walilolinunua kwa ajili ya uzee wao likiteleza polepole, hadi likaegemea msonobari na kutulia. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Wakaanza kushuka kwa miguu.