Safu Mbili za Kivumbasi

Mke wangu Mwongeli aliondoka Kambu mwezi wa Februari kwa sababu ya kifua. Hatukugombana. Daktari alimwambia kwamba vumbi na moshi vinamuumiza mapafu, na nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka mahali malori ya Mombasa yanapoegeshwa. Akaenda kukaa kwa kaka yake Mukuyuni. Mimi nilibaki, maana kazi yangu ni kuziba pancha, na pancha ziko barabarani.

Binti yetu Mutindi ameolewa Kitui, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Mimi si mtu wa maneno. Hata kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili ibada ikiisha niwe wa kwanza kutoka.

Siku moja redio ilisema kuna mimea ya dawa inayosafisha hewa. Nilizima mashine ya kujazia magurudumu upepo nisikie vizuri. Jumatatu iliyofuata nilienda Kiboko, nikarudi na miche ya kivumbasi, mchaichai na shubiri. Niliipanda ndani ya magurudumu mabovu. Kivumbasi nilikipanga safu mbili kati ya nyumba na barabara. Mchaichai niliuweka chini ya dirisha la chumba chetu, upande anaolala Mwongeli. Maji hapa huja kwa mkokoteni wa punda, kwa hiyo miche ilikunywa yale niliyooshea vyombo.

Kanyiva, mwenye hoteli ya jirani, aliniita kutoka kwa jiko lake.

"Baba Mutindi, umefungua kliniki?"

"Ni ya hewa."

"Hewa nayo inaumwa?"

Wateja wake wakacheka. Nikarudi kwa gurudumu langu.

Kivumbasi kilipofika kiunoni, nilimpigia Mwongeli simu.

"Mama Mutindi, mimea imeshika."

"Na wewe unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Nikamwambia habari za shubiri.

Aliahidi kuja Jumamosi moja ya Oktoba. Siku hiyo nilifagia uwanja mara tatu. Kwetu boma lenye heshima ni udongo mtupu, bila jani wala nyasi, alama za ufagio zikionekana kama nywele zilizochanwa. Tangu aondoke nilikuwa nafagia kila asubuhi, zaidi hata ya alivyofagia yeye, mtu asije akasema nyumba imekosa mwenyewe.

Alifika saa nne. Kabla hajafika mlangoni alianza kukohoa, akashika ukuta, akakohoa mpaka akatoa machozi. Nikamletea maji. Alipotulia, alipangusa jani moja la kivumbasi, akanionyesha kidole. Kilikuwa chekundu.

"Huu ni udongo wa wapi?"

"Wa barabara."

"Barabara ni lami, Baba Mutindi. Huu ni wa uwanja wetu. Mimea yako inashika vumbi, na wewe unaliamsha kila asubuhi."

Niliutazama ufagio uliokuwa mlangoni.

"Wacha kufagia. Nyasi ziote."

"Watu watasema hapa hakuna mke."

"Kwani yuko?" akasema. "Watakuwa wamedanganya?"

Alikula kidogo tu, akaondoka kabla ya saa nane.

Mvua za Novemba zikaja, nikaacha nyasi ziote. Haikuwa rahisi. Kila mtu aliyepita aligeuza shingo. "Baba Mutindi," Kanyiva akasema, "tukuletee mbuzi, ama unangoja twiga?" Mzee wa kanisa alikuja akaniuliza polepole kama naumwa. Lakini vumbi lilipungua kweli. Shati jeupe nililoanika lilibaki jeupe.

Januari Mwongeli akaja, akakaa siku mbili. Siku ya kwanza aliketi kwenye kigoda katikati ya nyasi akichambua ndengu, na hakukohoa hadi jua lilipotua. Nilifanya kazi nikimsikiliza. Kila nilipokosa kusikia kikohozi, mikono yangu ilikuwa myepesi.

Siku ya pili dereva mmoja aliacha lori likinguruma tangu asubuhi, na upepo ukageukia kwetu. Moshi mweusi ulipita juu ya kivumbasi, ukaingia ndani. Kikohozi kikarudi chote.

"Vumbi umeliweza," aliniambia akifunga mkoba wake. "Huu moshi hauna mmea wake."

"Nitapanda safu ya tatu."

"Panda. Inapendeza." Akautia mkoba begani. "Lakini mimi siwezi kurudi kukaa hapa."

Nilimsindikiza hadi stendi. Nilikuwa nimepanga kumwambia kwamba naweza kufunga kazi nimfuate Mukuyuni, nitafute hata vibarua vya shamba, kama kaka yake hatachukia na kama yeye mwenyewe anataka. Maneno hayo nilikuwa nayo karibu mwaka mzima. Gari likaja. Nikamwambia akifika achemshe ule mchaichai niliomfungia.

"Hilo tu?" akauliza, mguu mmoja ukiwa ndani.

Kondakta alikuwa anagonga bati. Watu walikuwa wanatuangalia.

"Hilo tu," nikasema.